Dawa ya Miezi Sita katika Nchi ya Wafugaji

Mto Tana, baada ya kuziacha nchi za milima, huingia katika nyika kavu ya kaskazini mashariki ya Kenya. Na hapo, juu ya mji wa Garissa, ndipo ulipo mji mdogo wa Balambala, ambao ramani za zamani huuandika Mbalambala. Wako wakaao kando ya mto na kulima. Lakini walio wengi ni Wasomali wafugao ngamia, ng'ombe na mbuzi, na maisha yao huongozwa na mvua. Mvua za Gu zinyeshapo mnamo Aprili, na zile za Deyr mnamo Oktoba, mifugo hupelekwa mbali na mto kufuata majani mapya. Kiangazi cha Jilaal kikazapo, hurudishwa penye maji. Nyumba ya mfugaji, iitwayo aqal, ni ya fito na mikeka. Asubuhi hukunjwa na kupakiwa juu ya ngamia, na jioni husimama tena mahali pengine.

Nataka kueleza hapa jinsi dawa za kifua kikuu, zilizogunduliwa mbali sana na Tana, zilivyowafikia watu wa nchi hii, na jinsi swali moja gumu juu ya dawa hizo lilivyopata jibu kwao. Swali lenyewe halikuwa namna ya kuitengeneza dawa. Lilikuwa namna ya kuimeza mpaka siku ya mwisho.

Wasomali huuita ugonjwa huu qaaxo, na zamani wengi waliona aibu hata kuutaja. Kijidudu chake kilitambuliwa na tabibu wa Kijerumani, Robert Koch, aliyetangaza habari zake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Lakini kumjua adui si kumshinda. Kwa muda wa miaka 60 baada ya hapo matabibu hawakuwa na dawa ya kumwua. Mgonjwa wa Ulaya aliyekuwa na fedha alilazwa penye hewa safi na chakula kizuri, na mfugaji wa Tana alikaa kivulini akingoja. Wote wawili walitegemea bahati.

Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, kijana aitwaye Albert Schatz alipata dawa ya streptomisini kutokana na viumbe vidogo vya udongoni. Waingereza waliijaribu kwa uangalifu mkubwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipewa dawa, na wengine 52 wakapewa mapumziko ya kitandani tu, kwa kuwa dawa yenyewe ilikuwa haba na haikuweza kuwatosha wote. Miezi sita ilipotimia, waliokufa katika kundi la kwanza walikuwa 4, na katika kundi la pili 14. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Wengi wa wale waliopata nafuu walianza kuumwa tena, na sasa streptomisini ile ile haikuwafaa kitu. Vijidudu vyao vilikuwa vimegeuka sugu.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuulize dawa hufanyaje kazi. Maana kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa ualimu swali hili, na aghalabu hunijibu kwamba dawa humtia mgonjwa nguvu. Jibu hilo ni zuri kwa uji na maziwa. Dawa ya kifua kikuu haimtii mtu nguvu. Kazi yake ni kukivuruga kijidudu. Isoniazidi, iliyoanza kutumiwa mwaka 1952, hukizuia kijidudu kisijenge ukuta wake wa nta. Streptomisini huharibu kazi ya kuunda protini ndani yake. Rifampisini, iliyopatikana katika miaka ya 1960 kwa juhudi za wataalamu wa mji wa Milan, hufunga njia ambayo kwayo kijidudu husoma na kutekeleza amri za uhai wake. Pirazinamidi huwapata wale waliojificha mahali penye uchachu. Kila dawa ina mlango wake wa kuingilia.

Sasa fikiri hesabu hii. Katika tundu moja la pafu lililoliwa na ugonjwa huweza kuwamo vijidudu milioni 100. Katika kila milioni moja, karibu kimoja huzaliwa na kasoro ambayo isoniazidi haiwezi kukidhuru. Basi ukimpa mgonjwa isoniazidi peke yake, utaua karibu vyote, na utabakiza 100 hivi ambavyo hiyo dawa si kitu kwavyo. Navyo, vikiwa vimeachiwa nafasi yote, vitazaana mpaka vijaze pafu upya. Lakini ukichanganya dawa mbili au tatu, kile kinachoiponyoka ya kwanza huuawa na ya pili. Kijidudu chenye kasoro zote mbili kwa pamoja ni adimu mno kupatikana katika mwili wa mtu mmoja. Ndiyo sababu kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Na mtu achaguaye kidonge kimoja miongoni mwa vile alivyopewa, ati kwa kuwa vingine vinamchefua, anavifundisha vijidudu vyake namna ya kuishi.

Jambo la pili ni muda. Vijidudu vingi vya magonjwa hugawanyika kila nusu saa au chini ya hapo. Hiki cha kifua kikuu huchukua karibu siku nzima, na wengine kati yao hulala usingizi mrefu bila kufanya lolote. Dawa huua upesi kijidudu kilicho kazini; kilicholala huachwa mpaka kiamke. Kwa hiyo mgonjwa hupata nafuu katika majuma machache, kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, naye hujiona mzima, hali mwilini mwake wangali wamo waliolala. Huo ndio wakati wa hatari kuliko wote, maana ndio wakati mtu mwenye akili timamu huona hana haja tena ya dawa.

Katika miaka ya 1960 matibabu yalichukua miezi 18. Kisha, kuanzia mwaka 1970, hospitali za Afrika ya Mashariki, zikishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, zilijaribu kama miezi sita ingetosha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yaliushangaza ulimwengu wa matabibu. Waliopewa streptomisini na isoniazidi tu kwa miezi sita, 29 katika kila 100 waliugua tena. Lakini waliopewa pia rifampisini, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 3 tu katika kila 100. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndio walioithibitishia dunia jambo hilo, nami naona si haki kwamba vitabu vingi vya shule hulipita kimya.

Basi ikawa miezi 18 imepunguzwa hata 6. Lakini kwa mfugaji miezi sita nayo ni safari ndefu. Hesabu upendavyo, anzia mwezi wowote, miezi sita haikosi kukutana na mvua. Na mvua ikinyesha, boma huhama. Mgonjwa aliyepewa mfuko wa vidonge mjini Garissa angeweza kuwa mbali sana kabla ya mwezi kwisha, na zahanati ikabaki nyuma. Tena nchi yenyewe ilikuwa imebanwa: tangu Desemba 1963 mpaka Novemba 1991 Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, na huduma za serikali zilikuwa chache.

Palikuwa na jambo jingine, la heshima kabisa. Katika boma la Kisomali mtu hali peke yake wala hanywi maziwa peke yake. Aliye nacho humgawia asiye nacho, na ashikaye chake humdharau hata mtoto. Dawa haifuati adabu hiyo. Mama mwenye kikohozi akimpa dada yake nusu ya vidonge vyake kwa huruma, hakuna aliyepona kati yao, na wote wawili huenda wakapata ugonjwa sugu. Ukarimu uliowahifadhi watu hawa katika njaa nyingi huwa ni madhara uingiapo katika mfuko wa dawa.

Jibu la mambo haya lilianza kuonekana katika mji wa visima wa Wajir, kaskazini ya Garissa. Huko aliishi mwanamke wa Kiitalia, Annalena Tonelli, mzaliwa wa Forlì, aliyekuja Kenya mwaka 1969. Alikuwa amesomea sheria, na kazi yake ya kwanza hapa nchini ilikuwa ualimu. Aliwatunza watoto walemavu na wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 1976 akapewa kuongoza mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji. Hakujenga hospitali ya kuta na vitanda. Aliwaalika wagonjwa waje na mikeka yao wasimamishe nyumba zao wenyewe, kwa desturi yao, katika uwanja wa mchanga ulio mbele ya kituo cha walemavu, wakae hapo miezi sita. Mahali hapo pakaitwa manyata ya kifua kikuu. Kila siku mgonjwa alimeza dawa yake mbele ya macho ya mtunzaji, kisha akaenda zake kuzungumza na jirani. Aliyekuwa akificha ugonjwa nyumbani alijikuta miongoni mwa watu wanaokohoa kama yeye, na aibu ikapungua.

Wako wasemao kwamba kumtazama mtu mzima akimeza kidonge ni kumdharau. Mimi sioni hivyo. Jamaa wa mfugaji humsindikiza amchotapo ngamia maji ya kisima kirefu, wala haoni kwamba amedharauliwa. Kazi ngumu hufanywa machoni pa wenzi. Tena walikuja kwa hiari yao, na mlango haukuwa na kufuli.

Manyata za namna hiyo zilienea katika miji mingine ya kaskazini ya Kenya. Tonelli mwenyewe hakuachwa aone mwisho wake. Mnamo Februari 1984 wanajeshi walikusanya wanaume katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57, lakini Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa taarifa mwaka 2013 ilikaribia 1,000. Yeye alikwenda kuwaokoa waliojeruhiwa na kuwazika waliokufa, na mwaka 1985 akalazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi ile ile Somalia, na hatimaye Borama. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi katika hospitali aliyoianzisha.

Haitakuwa kweli kusema kwamba Wajir peke yake ndiyo iliyoifundisha dunia. Huko Madras, India, watafiti walikuwa wameonyesha mwaka 1959 kwamba mgonjwa hupona nyumbani sawa na hospitalini, mradi dawa zimezwe. Na Tanzania, kuanzia mwaka 1977, ilijenga pamoja na tabibu Karel Styblo mpango wa taifa zima wa kumfuata kila mgonjwa mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya ulimwengu, na kisha likazishauri nchi zote zisimamie umezaji wa dawa, lilikuwa na mifano hiyo yote mbele yake.

Siku hizi, katika vituo vya serikali nchini Kenya, dawa hizi hutolewa bure. Kidonge kimoja huwa na dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Hizo humezwa miezi miwili, kisha mbili za kwanza huendelea kwa miezi minne. Hakuna tena nafasi ya kuchagua kidonge kimoja na kuacha kingine. Streptomisini, iliyoweza kuharibu masikio, imeondolewa katika matibabu ya kawaida. Thiasetazoni, iliyopendwa zamani kwa bei yake ndogo, nayo iliachwa, baada ya matabibu wa Nairobi kuonyesha mwaka 1991 kwamba ilibambua vibaya ngozi za wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI.

Hata hizi zilizobaki zina mambo ya kuangaliwa. Mkojo ukigeuka wa rangi ya chungwa iliyoelekea wekundu, hiyo ni rifampisini tu, si damu. Ganzi ya vidole vya miguu huletwa na isoniazidi, na huzuiwa kwa vitamini B6. Lakini macho yakiwa ya manjano, au mtu akianza kuona ukungu, na arudi kituoni siku hiyo hiyo bila kungoja; mhudumu ndiye atakayeamua dawa ipi isimame, wala si mgonjwa. Mwezi wa Ramadhani, aliyeruhusiwa kufunga huweza, kwa shauri la mhudumu, kumeza dawa yake usiku, kwa kuwa humezwa mara moja tu kwa siku. Na aliye na ugonjwa sugu, ambaye zamani alitibiwa kwa miezi 18 au zaidi, tangu mwaka 2022 anaweza, kwa mashauri mapya ya Shirika la Afya Duniani, kutibiwa kwa miezi sita.

Mvua ikija kabla ya miezi hiyo kwisha, mfugaji wa Balambala hana haja ya kuliacha boma lake liende bila yeye, wala ya kuondoka kimya. Humwambia mhudumu jina la mahali waendako. Huandikiwa hati yenye tarehe aliyoanza na dawa alizokwisha kumeza. Na zahanati iliyo karibu na malisho mapya humpokea kwa hati hiyo, ikaendelea kuhesabu pale ilipoishia ya kwanza.