Ngitili, Bustani Yetu ya Masomo

Wazee wetu wa Kisukuma walitenga ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Usukumani mapori mengi yalifyekwa, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kupata mashamba ya pamba. Mwaka 1986, Shishiyu ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), na ngitili zikafufuliwa. Humo ndimo sisi wanafunzi wa miaka ya 1990 tulimojifunza miti: tukashika gome la mgunga, tukaonja ukwaju, tukalinganisha udongo wa kivulini na wa juani. HASHI ilikoma mwaka 2004. Vijana mliopo shuleni, mwombeni mwalimu awapeleke. Ngitili isiyojulikana na watoto haichelewi kulimwa.