Kukosa usingizi: soma hapa kabla hujanunua vidonge

Karibu kila mtu hupitia usiku ambao usingizi hauji. Mtoto anaumwa, ada haijapatikana, kuna msiba. Mara nyingi hali hiyo huisha mambo yakitulia. Lakini ukikosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na mchana unashindwa kazi zako, hilo ni tatizo la kiafya linalotibika.

Wengi wanaokuja zahanati kwa tatizo hili huwa wameshapitia duka la dawa. Vidonge huleta usingizi, lakini haviondoi kilichoufukuza.

Kwa nini hulali?

- Wasiwasi au sonona. Kuamka alfajiri sana na kushindwa kulala tena, huku huna hamu ya kitu chochote, ni dalili mojawapo ya sonona.
- Ugonjwa: maumivu, pumu, au kukojoa mara kwa mara usiku, ambako kunaweza kuwa dalili ya kisukari.
- Dawa unazotumia. Prednisolone ikimezwa jioni hufukuza usingizi. Dolutegravir, iliyomo katika ARV za wengi, nayo huwasumbua baadhi ya watu. Usiache dawa, muulize mhudumu kama unaweza kuimeza asubuhi.
- Chai, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi. Ukinywa kahawa saa 11 jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa 4 usiku.
- Pombe. Hukulaza haraka, kisha hukuamsha katikati ya usiku.

Hatari za vidonge

Diazepam, ambayo wengi huiita Valium, hutolewa kwa cheti cha daktari na kwa muda mfupi, kwa kawaida isizidi wiki 2 hadi 4. Ukizidisha hapo, mwili huizoea: kidonge 1 hakitoshi tena, na bila dawa hulali kabisa. Hukaa mwilini zaidi ya siku 1, hivyo dereva au mwendesha bodaboda anaweza kusinzia barabarani kesho yake.

Usichanganye kamwe na pombe wala dawa kali za maumivu kama tramadol. Pumzi inaweza kupungua hadi mtu akafa usingizini. Kwa wazee, huleta kuanguka na kuvunjika nyonga wanapoamka kwenda chooni. Kama una mimba, unanyonyesha, au unakoroma na kukatika pumzi, mwambie daktari kwanza.

Piriton ni dawa ya mzio, si ya usingizi. Kwa mzee inaweza kuleta kuchanganyikiwa na kuziba mkojo.

Kama umeshazoea vidonge

Usiache ghafla. Aliyetumia diazepam kwa wiki nyingi akiikatisha siku moja anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Nenda kituo cha afya na pakiti ya dawa, useme ukweli ni vidonge vingapi. Daktari atapunguza dozi kidogo kidogo. Si aibu, ni dawa iliyokushika, si tabia mbaya.

Unachoweza kufanya nyumbani

1. Amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala vibaya.
2. Usilale mchana zaidi ya dakika 30, wala baada ya saa 9 alasiri.
3. Usingizi usipokuja kwa takriban dakika 20, toka kitandani. Kama mnaishi chumba kimoja, kaa kwenye kiti au mkeka, taa iwe hafifu. Rudi ukisinzia.
4. Weka simu mbali na usitazame saa.
5. Yanayokusumbua yaandike mapema jioni, au mweleze mtu unayemwamini.

Siku za mwanzo utachoka. Endelea kwa wiki kadhaa kabla ya kusema haisaidii.

Usisubiri

Nenda hospitali mara moja ukiwa na mawazo ya kujiua, au ukimwona mtu hajalala siku kadhaa huku ana nguvu nyingi kupita kawaida au anasikia sauti. Mama aliyejifungua karibuni ambaye halali hata mtoto akilala naye apelekwe haraka. Aliyemeza vidonge vingi na haamki, mlaze ubavu, usimpe maziwa wala kumtapisha, mkimbize hospitali na pakiti ya dawa.