Risha: Kitu kidogo kinachoipa udi sauti



Leo tunazungumzia udi. Sio ule wa kufukiza nguo za bi harusi, bali ule wa kupiga, na hasa kile kijiti chembamba cha kugusia nyuzi kinachoitwa risha.

Sisi tunashona nguo za harusi Makambako na Njombe. Siku moja mama wa bi harusi alitwambia kuwa shangazi wa binti anakuja kutoka Unguja na udi wake, atapiga kwenye mkusanyiko wa wanawake watupu, ila risha yake imevunjika njiani. Tukazunguka madukani, tukarudi na vipande vya plastiki vya kupigia gitaa. Shangazi alijaribu kimoja, akakiweka chini. "Wanangu, hiki kinapiga kelele, hakiimbi. Niendeeni buchani." Tulicheka, lakini baadaye tulijifunza kuwa nyuma ya neno lile kuna historia ndefu.

Neno risha ni la Kiarabu, maana yake unyoya, na jina linaeleza mambo yalivyokuwa. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, anasimulia habari za Ziryab, mpiga udi aliyefika Andalusia mwaka 822. Anasema kuwa Ziryab aliacha kijiti cha mbao na kutumia bua la unyoya wa tai, kwa sababu ni laini na nyuzi hudumu zaidi. Kwa hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu walikwishajua kuwa udi mzuri wenye risha mbaya ni hasara.

Unguja nayo ina sehemu yake. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki. Mwaka 1905 ikaanzishwa Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba, akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri pamoja na wapigaji wake, akiwemo Subeit Ambar kwenye udi. Sauti ya Siti ndiyo tunayoikumbuka, lakini chini yake kulikuwa na mkono ulioshika risha.

Huku nyanda za juu mambo yalikuwa tofauti. Majirani zetu Wahehe wana ligombo, ala ya nyuzi zilizotandikwa juu ya ubao uliochimbwa kama hori, nayo hupigwa kwa vidole vitupu. Ndiyo maana shangazi alipoomba risha, hapakuwa na mzee wa kumuuliza.

Mandolini ina habari ya kutuumiza kidogo sisi watu wa pwani. Kule Italia wapigaji wa zamani walitumia manyoya, kisha wakapenda gamba la ng'amba, yule kasa mwenye gamba la madoa. Magamba ya kasa yaliuzwa kutoka mwambao wetu tangu kale; Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinayataja miongoni mwa bidhaa zake. Ng'amba akavuliwa hadi akakaribia kutoweka duniani, na tangu 1977 biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Badala yake ilikwishapatikana seluloidi: mwaka 1922 Luigi D'Andrea alianza kuitumia kutengeneza vipande vya kupigia huko New York. Dada, ukiuziwa risha na kuambiwa ni ng'amba halisi, iache. Viumbe hawa ni amana mikononi mwetu.

Sasa turudi buchani. Tulipewa pembe ya ng'ombe, tukaichemsha hadi ikalainika, tukatoa mfupa wa ndani, tukapasua ukanda kwa msumeno. Shangazi mwenyewe akaukwangua kwa kigae cha kioo na kumalizia kwa msasa. Tulimuuliza kwa nini ametutuma buchani wakati pembe zinaokotwa hata malishoni. Akatukumbusha jambo la dini: katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani na visiwani tunayafuata, pembe na manyoya ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni najisi. Wahanafi wao wanaviona ni tohara. Yeye alitaka pembe ya ng'ombe aliyechinjwa kwa jina la Allah, ili mkono wake usiwe na shaka akienda kuswali.

Je, risha nzuri huchaguliwaje? Mafundi cherehani wenzetu wataelewa haraka. Shifoni ukiishona kwa sindano namba 16 utaitoboa, na jinzi ukiishona kwa namba 9 utavunja sindano. Risha nayo hufuata nyuzi. Udi una nyuzi laini, kwa kawaida kumi na moja, hivyo unataka risha ndefu, nyembamba, inayopinda na kurudi. Mandolini ina nyuzi nane za chuma zilizokazwa mbilimbili, nayo inataka kipande kifupi, kigumu, chenye ncha ya mviringo. Kanuni hupigwa kwa risha mbili fupi zilizobanwa kwa pete kwenye vidole vya shahada. Kwa zote, pitisha ncha kwenye ukucha: ikikwaruza, itakwaruza na nyuzi. Ipinde kidogo: isiporudi, imechoka. Kisha piga na usikilize. Bei isikudanganye, maana risha iliyoimba usiku ule ilitoka kwenye pembe tuliyopewa bure.

Tuseme na hili kwa uwazi. Dufu kwenye harusi limeruhusiwa, lakini ala za nyuzi wanazuoni wengi wamezikataza, na wapo walioziruhusu kwa masharti. Sisi si watu wa kutoa fatwa. Bi harusi, muulize sheikh unayemwamini na ukubaliane na wazee wako kabla ya kumwita mpigaji. Harusi isianze kwa ugomvi.

Usiku ule shangazi alipiga nyimbo tatu tu, akaufunga udi wake, tukaswali Isha pamoja. Risha alimwachia bi harusi. Alimwambia kuwa nyuzi zimekazwa na ukigusa kwa kitu kigumu zinakatika, na nyumba ni hivyo hivyo, mwanangu.

Allah awajaalie maharusi wetu mapenzi na huruma. Amin.