Mpaka wa Sirari na Karatasi za Ulaya

Walimu wa vikundi, hakikisheni walioketi nyuma wanasikia. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu.

Leo nataka kujibu swali la mzee mmoja wa darasani. Aliniuliza hivi: "Mwalimu, kijana akienda Ulaya kusomea udaktari, naelewa. Akisomea kujenga madaraja, naelewa. Lakini huyu anayekwenda kusomea uhusiano wa mataifa, atarudi na nini cha kutufaa sisi?" Darasa zima lilicheka. Lakini, ndugu wanafunzi, swali hilo si la kuchekwa. Tutalijibu kwa kuanzia hapo mlipo, yaani mpakani.

Tazama ramani ya Tanzania iliyo ukutani. Fuata mpaka wetu na Kenya kutoka Ziwa Viktoria kuelekea Mlima Kilimanjaro. Utaona kwamba umenyooka kama ukingo wa meza. Je, umepata kuona mto ulionyooka hivyo? Au safu ya vilima? Hapana. Mpaka huo ulipigwa kwa rula juu ya ramani, na waliopiga walikuwa Ulaya.

Mwaka 1886 serikali za Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana nchi zetu. Waliandika kwamba mstari utoke pwani, kwenye mto Umba, uzunguke Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha uende moja kwa moja hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Tarehe 1 Julai 1890 walitia sahihi mkataba mwingine mjini Berlin, na mstari ukavushwa ziwa kwenda magharibi. Wazee wa Kikuria hawakuulizwa neno. Basi watu wa Nyabasi, Bukira, Bwirege na Bugumbe wakajikuta wako pande mbili, ndugu huku na ndugu kule. Wewe wa Sirari ukienda kumzika shangazi yako ng'ambo ya Isebania, unavuka mstari ulioandikwa na watu ambao hawakupata kukanyaga ua wa babu yako.

Sasa sikilizeni habari ya pili. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani mmoja, Karl Peters, alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwa na karatasi. Huko Msowero, tarehe 29 Novemba, alimkuta Mangungo. Mangungo alitia alama yake kwenye karatasi ya Peters. Karatasi ile ilisema kwamba ametoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa milele. Iliandikwa kwa lugha ya kigeni, na Mangungo hakuweza kuisoma. Peters alizipeleka karatasi hizo Berlin, na mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikampa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa nchi ilipotea, na daftari lilikuwako, ila lilikuwa mkononi mwa mgeni.

Haya, tuje nyumbani Mara. Mwaka 1922 alizaliwa Butiama mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Jina lake Julius Kambarage Nyerere. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza shule ya Mwisenge, Musoma. Kisha alisoma Tabora, na baadaye Makerere huko Uganda, ambako alipata diploma ya ualimu. Mwaka 1949 alikwenda Uskoti kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Alisoma nini huko? Hakusoma somo lenye jina la uhusiano wa mataifa. Alisoma historia ya Uingereza, uchumi, sheria za katiba, elimu ya jamii za watu, fasihi ya Kiingereza na falsafa. Tazama vizuri orodha hiyo. Ni elimu ya namna watawala wetu wa wakati ule walivyojitawala wenyewe. Tena, akiwa huko, Waingereza walikuwa wakibishana juu ya kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland, jambo ambalo Waafrika wengi wa nchi hizo walilikataa. Nyerere alishiriki katika mabishano hayo. Mwaka 1952 alipata shahada yake, akarudi nyumbani na kufundisha Pugu.

Elimu ile ilifaa nini? Sikilizeni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilipewa Tanganyika iitawale. Tangu mwaka 1946 nchi yetu ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Katika Hati ya Umoja huo mna kifungu cha 76. Kinasema kwamba nchi zilizo chini ya udhamini ziongozwe kuelekea kujitawala au uhuru. Watu wengi waliishi chini ya kifungu hicho bila kujua kwamba kipo. Lakini wengine walikijua. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwatetea Wameru walionyang'anywa ardhi. Na tarehe 7 Machi 1955 Nyerere, akiwa kiongozi wa TANU, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Hakubeba mkuki wala bunduki. Alibeba hoja, na hoja yake ilisimama juu ya karatasi ambayo Uingereza yenyewe ilikuwa imeitia sahihi.

Miaka sita baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa huru. Tarehe 14 mwezi huo huo ikaingia Umoja wa Mataifa kama nchi kamili.

Najua mtaniuliza: "Mbona basi, baada ya uhuru, mpaka wa Sirari haukufutwa?" Swali zuri, na jibu lake si tamu. Mwezi Julai 1964 viongozi wa Afrika walikutana Cairo. Hapo walikubaliana kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru, na Nyerere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kuleta azimio hilo. Kwa nini, naye alijua mipaka hiyo ilivyochorwa? Kwa sababu karibu kila nchi ya Afrika ina watu waliogawanywa kama Wakuria. Kila mmoja akianza kuvuta mstari upande wake, vita havitakwisha.

Miaka 14 baadaye tuliona ukweli wa neno hilo. Mwaka 1978 Idi Amin wa Uganda aliuvuka mpaka ulioandikwa mwaka 1890, akadai kwamba nchi yake inafika mto Kagera. Vita vikaja, na watu wengi wakafa. Mkataba ule haukuwa wa haki ulipoandikwa. Lakini kuuvunja kwa nguvu kulileta msiba mkubwa zaidi. Mambo ya mataifa mara nyingi ni hivyo: unachagua kati ya ubaya mdogo na ubaya mkubwa, na lazima ujue kuupima.

Mwana mwingine wa Mara ni Joseph Sinde Warioba wa Bunda. Baada ya kusoma sheria Dar es Salaam, mwaka 1970 alisoma katika Chuo cha Sheria za Kimataifa cha The Hague, Uholanzi. Baadaye mataifa yaliandika mkataba mpya wa bahari, uliotiwa sahihi mwaka 1982. Nchi zenye meli kubwa zilitaka utajiri wa chini ya bahari uwe wa mwenye nguvu za kuufikia. Nchi changa zilisema ni mali ya watu wote. Warioba aliongoza tume iliyotayarisha mamlaka ya kusimamia utajiri huo, na mwaka 1996 akachaguliwa kuwa jaji wa mahakama ya bahari huko Hamburg. Safari hii mwana wa Mara alikuwa mezani karatasi ilipokuwa ikiandikwa.

Basi, mzee wangu, jibu lako ni hili. Kijana huyo akisoma vizuri, akarudi, atakuwa macho yetu mahali ambapo mambo yetu yanaandikwa. Asiporudi, au akarudi akatudharau, fedha zetu zimepotea.

Na wewe uliyeshika kalamu usiku huu, usidhani kazi yako ni ndogo. Karatasi ya kuuza shamba, hati ya mkopo, cheti cha ng'ombe mnadani: hizo ndizo karatasi zako za Berlin. Kabla hujatia dole gumba, soma. Kama kuna neno hulijui, uliza.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini mpaka wa Sirari umenyooka?
2. Mangungo alikosa nini alipoletewa karatasi?
3. Je, viongozi walifanya vema mwaka 1964 kutobadili mipaka? Toeni sababu za pande zote mbili.
4. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya karatasi moja ambayo aliwahi kuitia alama bila kuisoma.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.