Nyumba ya Vitabu Wakati wa Njaa

Katika mkutano mmoja wa parokia nilisikia mzee akisema neno lililotunyamazisha wote. Tulikuwa tukihesabu feza ya mwaka. Bei ya unga ilikuwa imepanda, malipo ya masomo ya watoto yalikuwa hayajatimia, na paa la kanisa lilikuwa likivuja. Tulipofika kwenye mshahara mdogo wa kijana anayelinda kabati la vitabu na kuviazimisha, mzee akasema: «Huyu tumwache kwanza. Mtoto hali kitabu.»

Mzee yule si mjinga wala si mtu mbaya. Neno lake ni kweli, mtoto hali kitabu. Hata wakubwa wa nchi nyingi husema vivyo hivyo feza inapopunguka. Nyumba za vitabu za watu wote huwa kati ya zile za kwanza kukatiwa, maana kitabu hakilii njaa wala hakipigi kelele barabarani. Lakini je, taabu ikija, ni kweli kwamba kitabu chaweza kungoja? Siku ile sikuwa na jibu. Leo nataka kujibu kwa habari ya watu wa milima ya Kentucky, katika Marekani, waliopatwa na swali lilo hilo katika miaka ya 1930.

Miaka ya taabu

Mwezi wa Oktoba 1929, soko la New York, mahali watu wanapouziana sehemu za makampuni, lilianguka. Benki nyingi zikafunga milango, na viwanda vikazima moto. Kufika mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi katika Marekani. Taabu ile ilivuka bahari. Hata kwetu Katanga machimbo ya shaba yaliwarudisha wafanyakazi wengi vijijini.

Mashariki ya Kentucky watu walikuwa maskini tangu zamani, na sasa machimbo yao ya makaa ya mawe yalikuwa yakifungwa. Ni nchi ya milima mirefu na mabonde membamba. Mahali pengi hapakuwa na barabara. Njia ilikuwa kijito chenyewe, na farasi alipita akikanyaga maji na mawe. Watu wengi hawakujua kusoma. Nyumba za vitabu zilikuwa chache, nazo zilikuwa mbali, katika miji.

Kitabu hakina miguu

Mwaka 1934, katika wilaya ya Leslie, mchungaji mmoja wa Kiprotestanti alikuwa na vitabu katika nyumba yake ya mikutano. Akawaambia watu wa serikali kwamba yuko tayari kuviazimisha, kama wao watawalipa watu wa kuvichukua mpaka milimani. Angalieni akili ya mtu yule. Alijua kwamba kitabu hakina miguu. Hata kikitolewa bure, mtu lazima akichukue, akitunze, akiandike, akirudishe. Naye mtu huyo ana tumbo na ana watoto.

Kazi ikaanza. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika kubwa la kuwapa kazi watu wasio na kazi, nalo likaichukua kazi hii na kuieneza katika wilaya nyingi za milima. Wachukuzi walikuwa karibu wote wanawake. Mshahara wao ulikuwa dola 28 kwa mwezi. Farasi au nyumbu, yule mzaliwa wa punda na farasi, kila mmoja alijitafutia mwenyewe pamoja na chakula chake.

Serikali ililipa mishahara tu, vitabu haikununua. Mahali pa kuviweka na vitabu vyenyewe vilitafutwa na wenyeji. Walipata nafasi katika nyumba ya posta, hata katika kanisa. Vitabu vya zamani vilikusanywa mijini. Chama cha wazazi na walimu kiliomba kila mmoja wa watu wake atoe senti moja tu. Magazeti makuukuu yalikatwa, na vipande vikabandikwa katika daftari: hapa namna ya kupika, pale namna ya kushona blanketi.

Kisha wanawake wale wakapanda farasi. Walitia vitabu katika mifuko ya tandiko, au katika foronya za mito, wakapita zaidi ya kilometa 150 kwa juma, katika mvua na theluji. Farasi aliposhindwa, walishuka wakaenda kwa miguu. Katika nyumba isiyo na msomaji, walikaa wakasoma kwa sauti. Wako watu walioshuku wageni hawa na vitabu vyao; wachukuzi wakawasomea kwanza Biblia, na milango ikafunguka. Kufika mwaka 1936, jamaa karibu 50,000 walikuwa wakipokea vitabu kwa njia hii.

Watu wale wa njaa waliomba vitabu gani? Watoto walitaka hadithi, kama ile ya Robinson Crusoe. Wamama waliomba vitabu vya afya na vya kutunza watoto. Kwao kitabu hakikuwa mchezo wa watu walioshiba.

Mshahara ulipokatwa

Mwaka 1943, vita ilikuwa imeleta kazi nyingi katika viwanda, na serikali ikalifunga shirika lile. Vitabu vilikuwako bado. Farasi walikuwako, na wanawake hodari walikuwako. Lakini mshahara ulikwisha, na kazi yote ikasimama. Watu wengi wa milimani walikaa bila vitabu mpaka magari ya vitabu yalipoanza kuwafikia katika miaka ya 1950.

Hata hivyo mbegu haikupotea. Katika wilaya ya Knott alikuwako kijana, jina lake Carl D. Perkins, mwalimu wa masomo madogo ya milimani, aliyefaidiwa na vitabu vya wachukuzi wale. Baadaye alichaguliwa kuwa mjumbe katika bunge la Marekani. Huko alisimama kuitetea sheria ya mwaka 1956, ambayo kwayo serikali kuu iliruhusu kutoa hadi dola 7,500,000 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 5, kwa ajili ya nyumba za vitabu za watu wa mashamba na vijiji. Vitabu vilivyoletwa kwa farasi katika miaka ya taabu vilizaa sheria kwa nchi nzima.

Jibu kwa mzee

Basi, sasa naweza kumjibu mzee wetu. Baba, sikuombi kuondoa unga ili tununue vitabu. Watu wa Kentucky pia hawakufanya hivyo. Lakini zile dola 28 zilifanya kazi mbili kwa mara moja: zililisha watoto wa mchukuzi, na zilifundisha nyumba zote alizozipitia. Mshahara wa mlinzi wa vitabu ni chakula katika nyumba moja na akili katika nyumba mia.

Tena tumeona kwamba watu maskini wako tayari kutoa. Walitoa vitabu, senti, farasi, nafasi na nguvu. Jambo moja hawakuweza kulitoa peke yao, ndilo mshahara wa kila mwezi. Kwa hiyo tusiwaambie wakubwa wa mji wetu watuletee kila kitu. Tuwaombe waandike katika hesabu ya mwaka mshahara wa mtu mmoja wa nyumba ya vitabu, nasi tulete yaliyo yetu. Na baraza la parokia lifanye vivyo hivyo kwa kabati letu.

Kama feza haitoshi kabisa, tupunguze siku za kufungua: badala ya siku 5, ziwe 2. Tupunguze, lakini tusifunge. Mlango uliofungwa kwa mwaka mmoja huko Kentucky ulikawia miaka mingi kufunguka tena, na watoto wa miaka ile hawakungoja kukua.

Mkutano wetu utarudi kwenye hesabu ile. Ninyi nanyi, mahali mlipo, ulizeni katika mikutano yenu: mlinzi wa vitabu vyetu analipwa nini, na nani?