Bukini: Kisiwa Kilichokataa Barabara

Ramani ya Madagascar humdanganya mgeni. Barabara za taifa zimepewa namba, zimechorwa kwa wino mzito, na mtu akizipima kwa rula hudhani wiki mbili zitamtosha kukizunguka kisiwa chote. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 1,600 hivi, na eneo lake linazidi kidogo lile la Kenya. Mvua ikishaanza, kipande cha kilomita mia mbili kinaweza kumla msafiri siku tatu, nne, au kumrudisha alikotoka.

Ubovu huu una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilikusudiwa.

Katika karne ya 19 ufalme wa Merina ulitawala kutoka Antananarivo, juu kwenye nyanda za kati. Mfalme Radama wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1810 hadi 1828, anasimuliwa kuwa alijivunia majenerali wawili wasioshindika: Hazo na Tazo, yaani msitu na homa. Njia iliyopanda kutoka bandari ya Toamasina hadi mji mkuu iliachwa vivyo hivyo, njia ya miguu yenye utelezi, vijito na magenge, ili adui yeyote mwenye mizinga akwame. Wala haikuwa kukosa ujuzi. Kule Mantasoa, Mfaransa Jean Laborde alimjengea Malkia Ranavalona wa Kwanza viwanda vya mizinga, bunduki, kioo na sabuni. Dola iliyoweza kusubu mizinga ingeweza kuchimba barabara. Haikutaka.

Kwa hiyo mtu mwenye uwezo alisafiri juu ya mabega ya watu. Machela ya Kimalagasi, filanjana, ilikuwa kiti chepesi kilichofungwa kati ya miti miwili mirefu. Watu wanne walibeba, wengine wanne wakakimbia pembeni, na zamu ilibadilishwa bila kusimama: mpagazi aliingiza bega chini ya mti huku mwenzake akichomoka, na aliyekaa kitini aliendelea kurushwarushwa. Mizigo ilikuwa na wapagazi wake. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa, na sehemu ya ujira wao iliishia mfukoni mwa bwana. Gharama ya safari, basi, ilihesabiwa kwa mabega, na aliyefanya ubahili katika hesabu hiyo aliachwa njiani.

Mwanamke mmoja kutoka Austria aliijua njia hiyo kwa pande zake zote mbili. Ida Pfeiffer, aliyekwisha kuizunguka dunia mara mbili, alipanda kwenda Antananarivo mwaka 1857 akifuatana na mfanyabiashara Joseph-François Lambert. Hakujua kwamba mwenyeji wake huyo alikuwa katika njama ya kumpindua malkia. Njama ilipofichuka, wageni walifukuzwa nchini, na askari waliowasindikiza waliwachelewesha kwa makusudi katika mabonde yenye homa. Safari ya siku chache ilichukua siku 53. Pfeiffer alifika pwani akiwa mahututi, na mwaka uliofuata akafariki Vienna. Msitu na homa zilikuwa zimetumiwa kama adhabu, tena bila risasi hata moja.

Wenye busara walishika bahari. Kwa Waswahili wa zamani kisiwa hiki kilikuwa Bukini, na majahazi yao yalifika bandari za kaskazini-magharibi karne nyingi kabla ya Mfaransa, na baadaye Mahajanga pia. Yalikwenda na kurudi kwa kufuata pepo za msimu, na aibu ya biashara ile ni kwamba shehena zake zilikuwa pamoja na watumwa wa Kimakua kutoka Msumbiji. Hata Alfred Grandidier, mtafiti wa Kifaransa aliyekivuka kisiwa mara tatu kati ya 1865 na 1870, alitembea kilomita 3,000 hivi bara na nyingine 2,500 akiambaa pwani. Ramani aliyoichora ndiyo iliyoonyesha sawasawa umbo la milima ya ndani.

Mwaka 1895 Ufaransa ilikuja na jeshi, ikashuka Mahajanga ambako nchi ni ya wazi zaidi. Ilileta maelfu ya vigari vya chuma vya magurudumu mawili vilivyoitwa Lefebvre, na hapo ndipo ilipojikwaa: vigari vinataka barabara, na barabara haikuwepo. Askari wakapewa majembe wachimbe wenyewe katika vinamasi vya bonde la Betsiboka. Malaria iliwafyeka. Waliouawa vitani hawakufika hata 30. Maradhi yaliua zaidi ya 5,000. Mwishowe Jenerali Duchesne aliviacha vigari Andriba, akachukua kikosi chepesi chenye nyumbu, akaondoka Septemba 14 na kuuteka mji mkuu Septemba 30. Tazo alikaribia sana kushinda.

Baada ya hapo barabara zilikuja, na zilikuja kwa nguvu. Gavana wa Kifaransa, Gallieni, aliwatoza wanaume siku 50 za kazi kwa mwaka. Mwaka 1926 ukaanzishwa mpango wa SMOTIG, ambamo vijana walioandikishwa jeshini lakini wasiohitajika huko walipelekwa kwenye kazi za umma kwa miaka. Reli ya Fianarantsoa hadi Manakara, kilomita 163 zenye mahandaki 48, ilijengwa katika kipindi hicho, na watu wengi walikufa humo. Leo vijiji vingi kando yake havina njia nyingine ya kuteremsha ndizi na kahawa. Vimbunga vya mwaka 2000, Eline na Gloria, viliporomosha udongo juu ya reli, na baadaye wakulima wa kandokando wakapanda majani ya vetiva kuzuia miteremko.

Anayepanga safari yake mwenyewe leo anarudia hesabu za zamani, ila mabega yamekuwa taxi-brousse, gari la abiria lisiloondoka mpaka lijae. Barabara namba 7 ya kwenda Toliara ina lami. Namba 5 ya kaskazini-mashariki, kutoka Soanierana-Ivongo hadi Maroantsetra, ni mchanga, mawe, madaraja ya mbao na pantoni zinazotegemea hali ya mto. Wenye haraka huchukua boti au ndege. Na kanuni ya kusubiri kiangazi, inayofaa magharibi kuanzia Mei hadi Oktoba, haifai huko kaskazini-mashariki, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na nafuu hupatikana Septemba hadi Novemba. Kuanzia Januari hadi Machi hata boti ni kamari, kwa kuwa huo ndio msimu mkali wa vimbunga.