Watazamaji Wanaohama

Sisi wa Kiseke tukitaka mchezo wa kuimbwa na kuchezwa mbele ya watu, tunapanda daladala kwenda Kisesa, kwenye makumbusho ya Bujora. Wakati wa Bulabo, mwezi Juni, Bagika na Bagalu hucheza kwa mpigo. Wanaovuta umati mkubwa ndio washindi. Chanzo ni waganga wawili, Ngika na Gumha, waliopimana nani ana dawa kali.

Padre David Clement, Mkanada, aliuunganisha ushindani huo na sikukuu ya Ekaristi. Eti Kanisa limeupoza? Nakataa. Mwaka juzi niliwaacha Bagika na nyoka wao, nikakimbilia bugobogobo, majembe yakirushwa juu. Mara manju wa Bagika akapandisha sauti. Nusu ya watu wakageuka, nami nikiwamo.